Anaendelea Vizuri

Asubuhi ya siku ya tatu Fundi aliuliza swali lilelile, na mama mkwe wake akamjibu jibu lilelile.

"Mtoto hajambo, mwanangu. Anaendelea vizuri."

Fundi akageuza uso akatazama ukuta. Ukuta wa wodi ulipakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, nyeupe kwenda juu, na pale rangi mbili zilipokutana mkono wa aliyepaka uliteleza, mstari ukapinda kama pindo la mwanafunzi wa ushonaji. Kwa siku tatu Fundi alikuwa akiufumua mstari ule kwa macho na kuushona upya, maana hakuwa na kazi nyingine. Mkono mmoja ulikuwa na mpira wa dripu, wa pili umefungwa kitambaa cha kupimia presha, na tumboni kulikuwa na mshono ambao, kwa maoni yake ya kikazi, umevutwa mno upande wa kushoto.

Alikuwa amejifungua na hajamwona mtoto. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni nyongeza. Alikumbuka amekaa kwenye cherehani anapinda mkono wa gauni la mteja. Kisha alikumbuka taa nyingi. Kisha akaamka tumbo limelala na ulimi una kidonda alipojing'ata. Katikati hapo hapakuwa na kitu. Walimwambia alipatwa na kifafa cha mimba, akapasuliwa, akatolewa mtoto wa kiume wa miezi saba na siku kadhaa, na kwamba mtoto yuko chumba cha njiti, yaani cha watoto waliowahi kuzaliwa, jengo la pili ukipanda ile njia ya mteremko. Yeye haruhusiwi kwenda mpaka presha ishuke. Na presha ilikuwa imekataa kushuka.

Mtu mwingine angesikia "anaendelea vizuri" akashukuru Mungu na kulala. Fundi hakuweza, na ukitaka kujua kwa nini, lazima kwanza ujue maneno hayo yalivyotumika nyumbani kwao.

*

Mambo yalianza kwa kichekesho. Siku ya kliniki, nesi alimuuliza, "Dada, una presha?" Fundi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasogea kwenye benchi kidogokidogo, akajibu kwa adabu zote kwamba hana, leo amefunga kazi, hana haraka yoyote. Benchi zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Nesi akacheka pia huku akimfunga kitambaa mkononi. Akapima, akaacha kucheka. Akapima tena, na tena.

Fundi alipewa vidonge. Akaambiwa arudi kila wiki, na kichwa kikimuuma sana au akiona vimulimuli asisubiri siku ya kliniki, aje mbio. Mwisho kabisa, kama mtu anayefunga mlango, nesi alimgeukia mume aliyekuwa amemsindikiza akasema, "Na msimpe mawazo."

Mume wake alikuwa mtunza stoo kwenye duka la saruji, mtu mpole ambaye nyusi zake zilikuwa na vumbi hata siku za mapumziko. Njiani alisahau vimulimuli, akasahau na ile kila wiki. Alichofika nacho nyumbani ni kile cha mwisho tu. "Wamesema tusimpe presha," alimwambia mama yake, na mama yake akalipokea neno kama amri ya serikali.

Sasa huyo mama, mtaa mzima ulimwita Redio. Alikuwa mtu wa kukwambia uji wako umeungua kabla hujaupakua, gauni lako linakubana mgongoni, na umechelewa kuzaa. Fundi aliishi naye miaka minne wakizozana kwa raha zao. Basi Redio ikazimwa. Akaanza kumwita "mwanangu", jina ambalo hajawahi kumwita hata siku ya harusi. Paa lilipovuja, alisema ni umande. Jirani alipokuja na habari ya msukosuko wowote, alikomea mlangoni. Vidonge Fundi alivimeza akikumbuka. Kimya alimezeshwa kila siku, asubuhi na jioni, baada ya chakula.

Ndipo Mama Mdogo akaugua. Huyo ndiye aliyemlea Fundi baada ya mama yake kufariki, aliyemkalisha kwenye cherehani ana miaka tisa, miguu haifiki chini, na ndiye aliyeahidi kuja kumshika mkono siku ya kujifungua. Fundi aliambiwa ni homa ndogo. Kila alipouliza, aliambiwa anaendelea vizuri. Mbona simu yake haipatikani? Imeharibika. Anakula? Anaendelea vizuri. Wiki nyingi Mama Mdogo aliendelea vizuri, mpaka mchana mmoja mteja akaja kuchukua sketi yake, akavuta kiti, akasema pole sana na msiba, na amsamehe hakuweza kufika mazishini. Mama Mdogo alikuwa amezikwa siku kumi na tisa zilizopita.

Fundi hakupiga kelele. Alimkunjia mteja sketi yake, akampa na kifungo cha akiba. Jioni mume wake alipomwona macho yamevimba akauliza kulikoni, alimjibu, "Naendelea vizuri." Hiyo ndiyo adhabu aliyowachagulia. Kesho yake kichwa kilianza kumgonga kisogoni. Akajiambia ni kwa ajili ya kulia. Mume akauliza. Anaendelea vizuri. Siku ya pili yake vimulimuli vikacheza juu ya kitambaa cheusi alichokuwa anashona, mama mkwe akamuuliza mbona anafikicha macho, naye akajibu vilevile, na akalisema neno kwa utamu wa mtu anayelipiza. Saa nne asubuhi alianguka juu ya cherehani.

*

Nesi wa zamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba vilivyolia kila alipogeuka. Kila baada ya saa tatu alikuja na kikombe kidogo cha plastiki. "Kamua, mama, mtoto anasubiri." Yalitoka matone mazito ya njano, hayajazi hata kizibo cha chupa. Mama mkwe alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akaondoka nacho akitembea kama amebeba yai.

Fundi alisikiliza ndala zake zikipanda mteremko, akawaza: anakwenda kumwaga. Aliwahi kusikia kwamba mwanamke aliyefiwa na kichanga hukamuliwa ili matiti yasimletee jipu. Ndiyo hivyo basi. Wanamkamua asiumwe, wanampa moyo presha ishuke, akipata nguvu ndipo watamketisha wamwambie. Watasubiri siku kumi na tisa.

Alimtamani mtoto ambaye hakujua sura yake, na tabu yake ilikuwa hiyo. Ukimkosa mtu uliyemjua unakuwa na cha kushika, sauti, mwendo, namna anavyokohoa. Mama Mdogo alimkumbuka mpaka harufu ya mafuta ya cherehani kwenye vidole vyake. Mtoto hakuwa na kitu cha kumkumbukia ila mateke, upande wa kulia chini ya mbavu, kila cherehani ilipoanza kunguruma. Aliweka mkono pale. Palikuwa pameingia ndani, pamepoa, kama chumba alichohama mpangaji.

Kitanda cha jirani alilala mwalimu wa shule ya msingi na kichanga chake. Mtoto yule akilia, maziwa ya Fundi yalitoka yenyewe yakalowesha shuka. Akitaka kuyakamua kwenye kikombe hayatoki. Kwa ajili ya mtoto wa mwalimu yanamwagika. Mwalimu aliona haya, akawa anamgeuzia mtoto wake upande wa dirishani. Fundi alitaka kumwambia asimgeuze, amwache amtazame, lakini akashindwa kuanza.

Saa ya kutazama wagonjwa mume alikuja, akamwonyesha picha kwenye simu. Kiumbe kidogo kimejaa mipira na plasta, kimefunikwa macho kwa kitambaa.

"Mbona sura haionekani?"

"Wamemziba macho, ile taa inamwumiza. Ni ya kutoa umanjano mwilini."

Fundi alitazama sana. Angeweza kuwa mtoto wa yeyote. Alirudisha simu akasema asante, mume akasema anaendelea vizuri, na nesi akapima presha akakuta mia na sabini na nane kwa mia na kumi na mbili. Akaandika, akamtazama mgonjwa wake, akauliza kama kuna kitu kinamsumbua. Fundi akasema hakuna.

Wakati mume anaaga ndipo alipokumbuka kofia. Aliishona mimba ikiwa na miezi sita, ya kitambaa laini cha fulana, rangi ya njano, akaihifadhi kwenye kopo la vifungo. Alimwomba mama mkwe ailete, amvalishe mtoto, kisha amrudishie yeye ainuse. Mama mkwe akasema, "Sawa, mwanangu."

*

Kofia ilifika siku ya nne, imekunjwa ndani ya mfuko msafi. Fundi akauliza kama ameivaa. Mama mkwe akasema ameivaa, imemkaa vizuri, utadhani alipimwa. Akachukua kikombe cha maziwa akatoka haraka kuliko siku zote.

Fundi aliitoa kofia akainusa. Ilinukia sabuni na pasi. Akaivuta ukingo wake kwa vidole viwili. Kitambaa kile kikikaa kichwani hata saa moja hulegea, na hakirudi. Ukingo huu ulikuwa umekaza kama siku alipoutoa kwenye mashine. Akaigeuza ndani nje. Pale utosini bado ulining'inia uzi mrefu aliouacha makusudi, aukate siku atakapomvalisha kwa mkono wake. Nani angemvika mtoto kofia yenye uzi unaofika machoni asiukate?

Basi akajua. Aliiweka kofia kifuani, akaifunika kwa kiganja, na kitu kilichokuwa kimemshikilia siku nne kikamwachia. Alimlilia mtoto, akamlilia Mama Mdogo, na kilio kilikuwa kimoja, hakukuwa na namna ya kukitenganisha.

Mama mkwe aliporudi na kikombe kitupu, Fundi alimwambia akae.

"Mama, mtoto amekufa lini?"

Mama mkwe alishika ukingo wa kitanda. "Mungu apishe mbali. Mtoto yupo. Anaendelea..."

"Mama Mdogo naye aliendelea vizuri. Siku kumi na tisa aliendelea vizuri, yuko chini ya udongo."

Mwalimu kwenye kitanda cha pili aliacha kunyonyesha. Mama mkwe hakujua kama Fundi anajua; hakuna aliyejua. Ikamjia sasa hivi, yote kwa mpigo, yale macho yaliyovimba na yale majibu matamu.

"Kofia hii haijavaliwa," Fundi alisema. "Nimeishona mimi. Usinifundishe kazi yangu."

"Haimtoshi," mama mkwe alisema, na sauti ikapanda, ile ya zamani, ya kusikika nyumba ya tatu. "Haimtoshi, unasikia? Umeshona kofia ya mtu mzima. Tulipojaribu kumvika ilimeza kichwa ikafika kidevuni, nesi akaivua palepale akaniuliza kama nataka kumziba pumzi. Nikaifua, nikaipiga pasi, ningefanya nini? Kichwa chenyewe kama chungwa. Mtoto wako ana kilo moja na robo. Ana ngozi ya mzee, masikio yamelala, na pua kaichukua kwa marehemu mume wangu, pua mbaya, sijui nani atakubali kuolewa naye. Maziwa yako anapewa kwa mpira, jana katapika yote. Na tangu juzi anasahau kupumua. Anasahau tu, anabadilika rangi, nesi anamkuna unyayo, anakumbuka. Jana mara mbili. Leo asubuhi mara moja, nikiwa nimesimama pale. Ningekuja kukwambia hayo na presha yako hii?"

Redio ilikuwa imewashwa na wodi nzima imesikia. Viatu vya raba vikaja vikilia. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akamwambia nesi kwa sauti iliyokatika kwamba amemuua mtoto wa watu kwa presha.

Lakini Fundi alikuwa amekaa kitandani, machozi yanamtiririka, anamtazama kwa namna ya mtu aliyepewa maji. Miaka minne hakuwahi kufurahi kuisikia sauti ile. Hakuna mtu anayemtungia mtoto aliyekufa pua mbaya.

"Hiyo pua," alisema. "Rudia."

Mama mkwe akarudia, na safari hii alionyesha kwa kidole juu ya pua yake mwenyewe jinsi ilivyotanuka. Fundi akauliza kichwa kina inchi ngapi. Mama mkwe akasema yeye atajuaje inchi. Nesi, ambaye alikuwa ameshaelewa nusu ya mambo na kukasirika nusu nyingine, alikata kipande cha bendeji akampa. Akamwambia aende ampime mtoto kichwa, afunge fundo, arudi nacho. Kisha akamgeukia Fundi, akamwambia kwamba siku nyingine akitaka kujua habari ya mtoto wake amuulize yeye, ataambiwa yote, mazuri na mabaya, hiyo ni haki yake. Fundi akauliza, "Hata akifa?" Nesi akasema, "Hata akifa. Nitakwambia mimi mwenyewe, siku hiyohiyo."

Mama mkwe alirudi baada ya muda mrefu. Fundi aliunyoosha utepe ule wa bendeji juu ya kiganja, akahesabu kwa vidole kama alivyofundishwa zamani, kabla hajapewa futi ya kupimia. Inchi kumi na moja. Kwenye fundo palikuwa pamenasa unywele mmoja, mweusi, mwembamba kuliko uzi wowote aliowahi kuushika. Aliutazama mpaka mwalimu akashuka kitandani naye akaja kuutazama.

Mkasi alipewa na nesi. Sindano mama mkwe aliichomoa ndani ya upindo wa gauni lake, mahali ilipoishi siku zote. Fundi aliifumua kofia, akaipunguza, akaishona upya, mpira wa dripu ukimfuata kila alipovuta uzi. Haukuwa mshono mzuri. Mama mkwe alisema umepinda, na Fundi akamjibu aushone yeye.

Jioni ile presha ilikuwa mia na sitini na nne. Asubuhi, mia na arobaini na sita kwa tisini na nne. Daktari alisema dawa mpya imeanza kushika. Mama mkwe alisema ni kofia. Fundi hakubishana na yeyote, alikuwa ameshaketi ukingoni mwa kitanda ametafuta ndala.

*

Walimpandisha mteremko kwa kiti cha magurudumu, mama mkwe akisukuma na kulalamikia magurudumu. Ndani ya chumba cha njiti kulikuwa na joto la jikoni. Nesi wa mle alimnawisha mpaka viwikoni, akamwambia afungue vifungo vya gauni, kisha akamtoa mtoto kwenye kisanduku cha kioo na mipira yake yote akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa shuka.

Hakuwa na uzito. Hilo ndilo lililomshtua Fundi, kwamba kitu alichokitamani kiasi kile kina uzito wa mkasi mkubwa wa kukatia. Alikuwa na joto, ana kofia ya njano, na chini ya kofia ile pua. Ilikuwa mbaya kweli. Fundi akacheka kimoyomoyo, mshono ukamwuma.

Hawakuwa wamekaa robo saa kifua kile kidogo kiliposimama. Fundi aliusikia utulivu kabla ya mashine kulia. Alitafuta unyayo chini ya shuka, mdogo kama kifungo cha koti, akaukuna kwa ukucha. Mtoto alikunja uso, akavuta pumzi, akaendelea na usingizi wake. Mama mkwe, aliyekuwa ameshikilia ukuta, akakaa chini.

"Niambie ya Mama Mdogo," Fundi alisema bila kumtazama. "Yote."

Mama mkwe alimwambia. Ilikuwa figo, haikuwa homa. Alilazwa siku kumi na mbili. Alikuwa akimuulizia Fundi kila siku, nao wakamwambia anaendelea vizuri.

"Akasemaje?"

"Akasema nipeni simu nisikie sauti yake, nitajua mwenyewe." Mama mkwe alifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Hatukumpa. Tuliogopa atalia, nawe utasikia, upate presha. Simu yake ninayo mimi, haikuharibika."

Fundi alifumba macho. Alitaka kumchukia mwanamke huyu, na pengine angemchukia kesho. Sasa hivi alikuwa na kazi ya kuhesabu pumzi. Aliwaza kitanda cha wodini na cherehani ya nyumbani, wanawake wawili kila mmoja akiulizia mwenzake na kila mmoja akijibiwa vilevile.

Simu ya mama mkwe ikaita mfukoni, nesi akakunja uso. Alikuwa mume, anapiga kutoka stoo, anauliza mtoto yukoje. "Anaendelea..." mama mkwe alianza, akakwama. Akainuka, akaiweka simu kwenye sikio la Fundi.

"Ana kilo moja na robo," Fundi alisema taratibu. "Kichwa inchi kumi na moja. Kofia imemtosha, mshono umepinda. Maziwa ya asubuhi katapika kidogo, mengine yamebaki. Amesahau kupumua mara moja, nimemkuna, amekumbuka."

Nyuma ya mume ilisikika mifuko ya saruji ikibwagwa.

"Na wewe?" aliuliza.

Jibu lilikuwa tayari ulimini, limezoea njia. Fundi alilimeza.

"Mshono unauma. Kichwa hakiumi. Vimulimuli sioni," alisema. "Namtaka Mama Mdogo."

Upande wa pili mlango wa stoo ulifungwa, kelele za mifuko zikakatika, na mume wake hakukata simu.